Kelele Si Istilahi: Maoni juu ya Albamu Mpya za Metali Kali na Hadikoo

Miongoni mwa barua zilizotufikia karibuni imo moja iliyotufedhehesha kidogo, na kwa sababu hiyo twaona ni wajibu wetu kuijibu hadharani. Mwandishi wake ni mtafsiri. Alipewa kutafsiri fomu ya kuombea kibali cha onyesho la muziki, na mahali pa kutaja aina ya muziki waombaji walikuwa wameandika kwa Kiingereza majina ya metali kali na hadikoo. Mtafsiri huyo alifanya ambalo kila mtafsiri mwaminifu hulifanya: aliichukua rasimu ya istilahi za muziki tuliyoieneza sisi wenyewe ili ijadiliwe, akanakili tuliyoyaandika humo, yaani "muziki wa kelele nzito". Ofisa aliyeipokea fomu hiyo alisoma neno "kelele", akaiweka katika jalada la malalamiko ya wananchi juu ya usumbufu wa sauti. Kibali hakikutoka. Vijana wale walikuwa wamekwisha kulipia ukumbi.

Ofisa yule hatuwezi kumlaumu, wala mtafsiri. Kosa lilikuwa letu, na chimbuko lake ni rahisi kulieleza: tulikipa jina kitu ambacho hatukupata kukisikiliza. Kwa hiyo safari hii tumegeuza utaratibu. Kwanza tumezisikiliza albamu za muziki huo, hasa zilizotoka kwa watu wa karibu nasi. Ndipo tukarudi kwenye orodha yetu. Haya yafuatayo ni maoni yetu juu ya albamu hizo, na juu ya istilahi pamoja, maana tumegundua kuwa mambo haya mawili hayatengani.

Albamu ya kwanza ni ya kundi la Duma kutoka Nairobi, nayo inaitwa kwa jina la kundi lenyewe. Ilitolewa Agosti 2020 na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Waliokuwa humo ni wawili tu: Martin Kanja, mwimbaji, na Sam Karugu, mpigaji gitaa na mtengenezaji wa sauti, wote wakiwa wametoka katika makundi ya metali ya Nairobi. Hapo hapo mtaalamu wa istilahi ana kazi. Msomaji wa Kiswahili aonapo jina Duma humfikiria mnyama yule mwenye madoadoa na mbio zisizo kifani. Kumbe wenyewe wamelitoa katika Kigikuyu, nalo lamaanisha giza. Na jina la kampuni humtahayarisha Mswahili asiyejua kwamba katika Kiganda ni ule mshawasha wa kucheza unaomjia mtu asiweze kujizuia. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda alilipiga marufuku tamasha lenye jina hilo, kisha marufuku ikaondolewa. Sura ya neno ni moja, maana ni mbili. Na mwenye kuhukumu kwa sura hupotea njia.

Muziki wenyewe je? Tukiri kwamba mara ya kwanza tulisikia tulichokuwa tumekiandika: kelele. Mara ya tatu tulianza kusikia mpango. Mashine ya ngoma hupiga kwa kasi ambayo mkono wa binadamu hauifikii, lakini kasi hiyo haiendi ovyo. Hukatika, hugeuka, hurudi, kama ngoma ya pungwa inavyofanya ili kumpandisha mtu mori. Gitaa limekwaruzwa hata halitambulikani tena kuwa ni gitaa. Juu ya yote hayo ipo sauti ya Kanja, ambayo mara hunguruma chini kabisa kooni, mara hupaa ikawa ukwenzi mkali. Wimbo mmoja umeitwa "Pembe 666". Aliyesoma Ufunuo sura ya 13 ataitambua nambari hiyo, na atamkumbuka mnyama mwenye pembe kumi. Lakini kwa Kiswahili pembe ni pia kona, na ni pia ala ya kupulizwa. Jina lililotungwa kwa neno moja na nambari moja limebeba zaidi ya sentensi nzima.

Tunayo lawama pia. Katika albamu hii maneno hayasikiki. Sisi tuliolelewa katika utenzi na shairi, ambamo mwimbaji asiyetamka vizuri huambiwa anyamaze, hatuwezi kujifanya kuwa hilo si hasara. Aidha majina mengi ya nyimbo ni ya Kiingereza, kana kwamba giza la Nairobi lahitaji pasi ya kusafiria. Hata hivyo tuliposikiliza hadi mwisho tulielewa kuwa sauti hapa haikukusudiwa kubeba maneno. Inafanya kazi ya yowe. Na yowe, kila mtu ajua, halina haja ya sarufi ili jirani atoke nyumbani.

Albamu ya pili ni The Adept, iliyotoka Aprili 2024. Hii ni ya Kanja peke yake, kwa jina lake la jukwaani la Lord Spikeheart, naye aliitoa katika kampuni yake mwenyewe iitwayo Haekalu. Twaiona hapo hati isiyo sanifu ya neno hekalu, na hatuna ugomvi nayo. Jina la kampuni ni mali ya mwenyewe. Ugumu uko kwenye jina la albamu. Mtafsiri wa haraka ataandika "Mahiri" au "Mweledi", na hatakuwa amekosea kamusi. Lakini neno hilo la Kiingereza lina harufu ya mafunzo ya siri: ni mtu aliyeingizwa, akavuka daraja moja baada ya jingine. Wazee wetu wangeuelewa upesi kwa kufikiria jando. Sisi twapendekeza "Mfunzwa", kwani ndani yake mna aliyefunza, na mna gharama ya kufunzwa.

Gharama hiyo si ya kubuni. Kanja aliitunuku albamu hii kwa kumbukumbu ya Muthoni wa Kirima, ambaye ni mama wa nyanya yake kwa ukoo, mwanamke aliyepigana msituni katika vita vya Mau Mau, akafikia cheo cha jemadari mkuu, na ambaye hakutoka msituni mpaka Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963. Alifariki Septemba 2023. Kwa hiyo mngurumo tunaousikia katika albamu hii una nasaba. Wakoloni nao waliziita sauti za msituni fujo, na katika hati zao wapiganaji hao hawakuwa askari. Hapo ndipo tulipoiona aibu ya rasimu yetu kwa ukubwa wake: kumwandikia kijukuu "kelele", katika karatasi ya serikali, ni kulirudia kosa la kukipa kitu jina kabla ya kukisikiliza.

Isidhaniwe kuwa jambo hili ni la Nairobi tu. Mwaka huo huo wa 2024 kundi la Arka'n Asrafokor la Togo lilitoa albamu yake Dzikkuh, ambamo Kiewe huimbwa juu ya gitaa la metali, na ngoma za jadi zimewekwa mbele, hazikufichwa nyuma kama pambo. Kwa upande wa lugha, Watogo wamewashinda Wakenya: lugha yao inasikika. Kwa upande wa ujasiri wa sauti, twaona Wakenya wamekwenda mbali zaidi. Msikilizaji mwenye nafasi na azisikilize zote, asichukue neno letu.

Sasa turudi kwenye orodha. Neno "kelele" twaliondoa kabisa. Katika lugha ya sheria na ya ofisi kelele ni usumbufu unaokatazwa. Istilahi haiwezi kuwa hukumu. Tena ukubwa wa sauti haujapata kuwa aibu kwetu. Siwa ya shaba ya Lamu na ile ya pembe ya ndovu ya Pate zilipulizwa ili zisikike mbali, na hapana aliyethubutu kuziita kelele, kwani sauti yake ilikuwa heshima ya mji.

"Nzito" nayo haifai, ingawa ndiyo tafsiri ya moja kwa moja. Walimu wa sayansi hutumia "metali nzito" kwa risasi, zebaki na nyinginezo zenye kudhuru maji na udongo. Hatutaki ofisa wa mazingira apelekewe tangazo la onyesho la muziki. Basi twapendekeza "metali" peke yake kwa muziki huo kwa jumla, na "metali kali" kwa matawi yake yaliyopita kiasi. "Metali nyeusi" na "metali ya mauti" zinaweza kutafsiriwa hivyo bila hofu, kwa kuwa chanzo cha majina hayo chajulikana: la kwanza lilienezwa na albamu ya kundi la Venom la Uingereza ya mwaka 1982, na la pili lilikuwa jina la wimbo wa kundi la Possessed la Marekani katika albamu yake ya mwaka 1985. Ni majina ya sanaa, si maelezo ya imani ya mtu.

Kwa "hadikoo" twakopa. Muziki huo ulikua Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na miongoni mwa waasisi wake ni Bad Brains, kundi la Wamarekani weusi kutoka Washington. Tafsiri zote tulizojaribu, kama "kiini kigumu", zilifaa jiwe au embe kuliko wimbo.

Lakini kwa sauti na mapigo hatuna haja ya kukopa hata kidogo. Sauti nzito ya kooni ni mngurumo. Sauti nyembamba yenye kupasua ni ukwenzi. Mpaazo wa hadikoo, ambao humwita mwenzio aitikie, ni ukemi. Sauti ya gitaa iliyoharibiwa kwa makusudi ni mkwaruzo, wala si "upotoshaji", ambao ni wa habari na maneno. Ngoma za kasi isiyokatika ziitwe mapigo mfululizo; "mapigo ya mlipuko" ya rasimu yetu yangemtisha polisi bure. Lugha yenye maneno mengi hivi ya kulia na kuita haikustahili kuhifadhiwa na watu waliotosheka na neno moja.

Lipo tawi moja tumelishindwa: lile la nyimbo fupi za kasi lililopewa jina na wanamuziki wa Napalm Death wa Birmingham, ambao albamu yao ya 1987, Scum, ina nyimbo 28, mmojawapo wa muda wa sekunde moja na kitu. Jina lake latokana na kusaga. Tumefikiria kusaga nafaka, tumefikiria kusaga meno, na bado hatujaridhika. Twawaomba wasomaji watuletee mapendekezo, hasa walimu, ambao wanafunzi wao huenda wanalo neno tayari.

Mtafsiri aliyetuandikia tumempelekea orodha hii mpya, pamoja na barua ya kumwombea radhi ambayo anaweza kuiambatisha na fomu nyingine. Vijana wale wataomba tena. Safari hii ofisa atasoma "muziki wa metali kali na hadikoo", na kama ataukataa, na aukatae kwa sababu zake mwenyewe, si kwa neno letu.