Kimya cha Mwigizaji: Dirk Bogarde kutoka Simba hadi The Servant

Utangulizi

Maisha ya kisanaa ya mwigizaji Mwingereza Dirk Bogarde (1921–1999) yamezoeleka kugawanywa katika vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza anaonekana kama kijana mtanashati wa kampuni ya Rank, kipenzi cha hadhira pana ya miaka ya 1950. Katika kipindi cha pili anaonekana kama msanii mkomavu aliyeuacha umaarufu huo na kushirikiana na waongozaji wa hadhi kubwa barani Ulaya, miongoni mwao Joseph Losey, Luchino Visconti, Alain Resnais na Rainer Werner Fassbinder. Mgawanyo huu una ukweli wake. Hata hivyo, unaficha jambo moja la msingi, nalo ni kwamba mbinu iliyosifiwa katika kipindi cha pili ilikuwepo tayari katika kipindi cha kwanza. Kilichobadilika ni kazi iliyopewa mbinu hiyo.

Makala haya yanadai kuwa nguzo ya uigizaji wa Bogarde ni kimya. Yanadai pia kwamba kimya hicho hakiwezi kuhakikiwa bila kuuliza ni nani katika filamu anayeruhusiwa kunyamaza na ni nani anayelazimishwa kusema. Filamu zitakazozingatiwa zaidi ni Simba (1955), Victim (1961) na The Servant (1963). Ya kwanza inamhusu msomaji wa Kenya moja kwa moja, kwani mandhari yake ni nchi hii wakati wa Hali ya Hatari.

Usuli wa Mwigizaji

Bogarde alizaliwa London tarehe 28 Machi 1921 na kupewa jina la Derek van den Bogaerde. Baba yake alikuwa mhariri wa sanaa katika gazeti la The Times, na mama yake aliwahi kuwa mwigizaji. Alitumikia jeshi katika Vita vya Pili vya Dunia, akiwa miongoni mwa maafisa waliofasiri picha zilizopigwa kutoka angani. Ni kazi ya kusoma kisichosema, na pengine si sadfa kwamba mtu aliyefunzwa hivyo alikuja kuwa mwigizaji anayesomwa zaidi kuliko kusikilizwa.

Baada ya vita alijiunga na Rank. Katika The Blue Lamp (1950) aliigiza mhalifu kijana anayemuua polisi kwa risasi, na katika Doctor in the House (1954) akawa mwanafunzi wa udaktari mwenye haya na mvuto. Filamu hii ya pili ndiyo iliyomfanya nyota. Mwaka mmoja baadaye Simba ilitolewa.

Simba: Ni Nani Mwenye Haki ya Kunyamaza?

Simba iliongozwa na Brian Desmond Hurst. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na filamu ilipotolewa maelfu ya Wagikuyu, Waembu na Wameru walikuwa vizuizini. Mandhari ya nchi yalipigwa Kenya, lakini uigizaji wa Bogarde ulifanywa katika studio za Pinewood, Uingereza. Hivyo basi, Kenya ya filamu hii ni mandhari iliyounganishwa na nyuso ambazo hazikuwa ndani yake.

Bogarde anamwigiza Alan Howard, Mwingereza anayewasili kumtembelea ndugu yake mlowezi na kukuta ameuawa na Mau Mau. Kuanzia hapo filamu inajengwa juu ya uso wake. Kamera inamsogelea naye hasemi kitu. Taya linakaza, macho yanakwepa, na hadhira inaalikwa kuujaza ukimya huo kwa majonzi na hasira. Kwa maneno mengine, uchungu wa mlowezi hauhitaji kuthibitishwa kwa hoja. Unachukuliwa kuwa kweli kwa sababu tu umeonekana.

Hali ya Daktari Karanja, anayeigizwa na Earl Cameron wa Bermuda, ni tofauti kabisa. Karanja ni Mwafrika msomi anayewatibu watu wake na kupinga umwagaji damu. Mhusika huyu hapewi fursa ya kunyamaza. Kila anapokaa kimya anashukiwa, na kila anapotaka kuaminiwa hana budi ajieleze. Aidha, inabainika kwamba kiongozi wa siri wa waasi ni baba yake mzazi, anayeigizwa na Orlando Martins wa Nigeria. Mwishowe Karanja anasimama mbele ya umati akijaribu kuwasihi kwa maneno, na anauawa. Umati wenyewe hauna hoja. Suala la ardhi, ambalo ndilo kiini cha vita hivyo, halipewi msemaji hata mmoja mwenye uzito.

Ikumbukwe pia kwamba jina la filamu ni neno la Kiswahili, ilhali vita vya msituni viliendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa Kigikuyu na lugha jirani zake. Lugha ya Waafrika inaingia katika kazi hii kama pambo la kutisha, si kama chombo cha fikra. Waigizaji wawili wakuu weusi, licha ya ustadi wao, walitoka mbali na nchi inayosimuliwa. Mkenya yupo kama umbo na hayupo kama sauti.

Inafaa kumlinganisha Karanja huyu na Karanja wa A Grain of Wheat (1967) ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Karanja wa Ngũgĩ anajiunga na askari wa ulinzi wa nyumbani na kuwa chifu chini ya mkoloni, lakini anapewa nafsi, yaani anapenda, anaogopa, anajidanganya na kubaki peke yake na aibu yake. Msomaji anaruhusiwa kuingia katika kimya chake. Msaliti wa Ngũgĩ ana utu mpana zaidi kuliko shujaa mwema wa Simba. Tofauti hiyo haitokani na wema wa mhusika. Inatokana na haki ya kuwa na undani.

Victim na The Servant: Kimya Kinapobadili Mmiliki

Katika Victim, iliyoongozwa na Basil Dearden, Bogarde anamwigiza Melville Farr, wakili mashuhuri mwenye ndoa, anayekabiliana na wanaowatoza fedha kwa vitisho wanaume wenye mapenzi ya jinsia moja. Sheria ya Uingereza wakati huo iliwahesabu wanaume hao kuwa wahalifu, na haikulegezwa hadi mwaka 1967. Kimya cha Farr ni ngao inayomgharimu kijana aliyekuwa akimlinda, ambaye anajinyonga mahabusu baada ya Farr kukataa kumsikiliza. Kwa mara ya kwanza filamu ya Bogarde inakitoza kimya gharama. Mke wa Farr anapomlazimisha aseme, uso uliokuwa kinyago unapasuka, na kuanzia hapo Farr hawezi tena kujificha nyuma ya heshima yake. Kwa nyota aliyetegemea mapenzi ya hadhira ya kawaida, kuikubali nafasi hiyo kulihitaji ujasiri.

The Servant inakwenda mbali zaidi. Harold Pinter aliandika mswada, Losey akaongoza. Bogarde ni Barrett, mtumishi aliyeajiriwa na Tony, kijana tajiri anayeigizwa na James Fox. Mwanzoni Barrett anajibu kwa adabu na kusimama pembeni. Lakini kimya chake ni cha mtu anayepima. Anaijua nyumba kuliko mwenye nyumba, anajua udhaifu wa bwana wake, na hatimaye bwana anakuwa tegemezi kwa mtumishi. Kimya kingi, wahenga walinena, kina mshindo mkuu.

Mtazamaji aliyeiona Simba hawezi kukosa kuona kinaya. Taya ni lile lile na macho ni yale yale, lakini uso uliohitaji kuhurumiwa sasa unahitaji kuogopwa. Losey anampa mtumishi kile ambacho Hurst alimnyima Mwafrika, yaani undani usiolazimika kujieleza. Hata hivyo, mtumishi huyu ni mweupe, na nyumba yake iko London. Sinema ya Uingereza iliweza kuwazia uasi wa anayetumikia pale tu uasi huo ulipokuwa wa kitabaka na wa nyumbani. Uasi wa aliyetawaliwa ulibaki kuwa kelele za usiku.

Tawasifu kama Kinyago

Baada ya Death in Venice (1971), ambamo rangi ya nywele inayochuruzika usoni inasema yote ambayo mhusika hawezi kuyatamka, Bogarde aligeukia pia uandishi. Tawasifu ya kwanza, A Postillion Struck by Lightning, ilitoka mwaka 1977, ikafuatwa na nyingine kadhaa pamoja na riwaya. Vitabu hivi vina nathari safi na kumbukumbu nyingi, lakini vinachagua mno. Anthony Forwood, aliyeishi naye kwa miongo mingi hadi kufariki mwaka 1988, anatajwa kama rafiki na meneja tu. Baadhi ya wahakiki wamemlaumu Bogarde kwa hilo. Lawama hiyo inasahau kwamba mtu aliyeishi chini ya sheria ya kabla ya 1967 hakuwa na uhuru wa kusema bila hofu. Ni haki zaidi kuzisoma tawasifu hizo kama uigizaji wa mwisho wa msanii yule yule, anayeonekana kufunguka huku akibana mlango.

Hitimisho

Makosa mawili yafaa kuepukwa. La kwanza ni kuusifu ustadi wa Bogarde kana kwamba hauna itikadi. La pili ni kuitupa Simba kama propaganda isiyostahili uhakiki. Ustadi ule ndio uliofanya propaganda ile iaminike. Mnamo Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba Wakenya waliteswa wakati wa Hali ya Hatari, na ikakubali kuwalipa fidia zaidi ya watu 5,000. Wengi wao walikuwa tayari wazee waliokaa kimya kwa nusu karne. Kimya chao hakikupigwa picha kwa karibu na kamera yoyote. Mhakiki anayeitazama Simba leo hana budi kuutazama uso wa Alan Howard kwa makini, kisha aulize ni nyuso zipi zilizoachwa gizani ili uso huo upate mwanga.