Taa hafifu za Land Rover ya Isevya: kosa lilikuwa upande wa kurudi

Mtu akiona taa za gari lake zimefifia, kwanza hulaumu betri, kisha alteneta, na mwisho hufikiria kubadilisha nyaya zote. Kwenye Land Rover za zamani mpangilio huo humaliza pesa bila kugusa ugonjwa. Bodi lake ni la aluminiamu, limefungwa kwa boliti juu ya chesisi ya chuma, na taa nyingi hurudisha umeme kwenye betri kupitia bodi hilo hilo. Aluminiamu na chuma vikikutana penye unyevu huliana. Boliti inabaki imekaza, rangi haijabanduka, lakini chini ya teminali umeshaota unga mweupe usiopitisha umeme vizuri. Ukitaka kutibu gari hili nyumbani, anza na ethi, yaani njia hiyo ya umeme kurudi kwenye betri.

Gari la uchambuzi huu ni Series III, aina iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, dizeli, chesisi ndefu ya 109. Mwenyewe ni mzee mstaafu wa Isevya, hapa Tabora mjini, na analitunza kwa mapenzi. Si yeye peke yake mwenye mapenzi hayo: Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover na magari zaidi ya elfu moja yakajitokeza. Gari la mzee huenda Kwihara siku za Jumapili, na msimu wa kilimo huenda shambani kwa njia ya Sikonge. Njia ile usiku, yenye mchanga, ng'ombe na baiskeli zisizo na taa, si ya kupita na taa za kubahatisha.

Malalamiko yalikuwa matatu. Taa kubwa zilitoa mwanga wa njano kama zimechoka. Taa ya nyuma ya kushoto ilizimika kila breki ilipokanyagwa usiku. Na ile taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi haikuwaka hata swichi ilipofunguliwa. Mzee alikuwa ameshashauriwa anunue betri na alteneta.

Nianze na taa ya nyuma, kwa sababu ndiyo iliyosema ukweli mapema. Balbu yake ina nyuzi mbili ndani: wa wati 5 kwa taa ndogo na wa wati 21 kwa breki. Nyuzi zote mbili zinatumia ethi moja. Ethi ikikatika, umeme wa taa ndogo hauna pa kushukia, kwa hiyo unapita kwenye uzi wa breki kinyumenyume, unafuata waya wa breki hadi taa ya kulia, na kule unapata ethi nzima. Uzi wa wati 5 unawaka karibu kama kawaida, na dereva hajui kitu. Akikanyaga breki, nyuzi zote mbili zinapata chanya kwa wakati mmoja, hakuna upande wa kukimbilia, na taa inazima kabisa. Mchana, taa ndogo zikiwa zimezimwa, breki ya kushoto inawaka kidogo tu wakati ya kulia inang'aa.

Watu wa Unyanyembe, eneo hili la Tabora, wanaijua tabia hii kwa njia nyingine. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alipoifunga njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji, msafara wa mpelelezi Stanley haukubaki Kwihara. Ulizunguka kusini kupitia Ukonongo na ukafika. Umeme nao ukifungiwa njia yake hutafuta nyingine. Ndiyo maana ukiona taa moja inabadilika unapowasha kitu kisichoihusu, usihangaike na swichi. Kagua ethi inayotumiwa na vyote viwili.

Tulipoitoa ile taa, teminali ya waya mweusi ilikuwa imeshikwa na skrubu ya chuma juu ya bodi. Skrubu ilikuwa nyekundu kwa kutu, na duara la aluminiamu chini yake limejaa unga. Tulikwangua kwa msasa mpaka metali ikang'aa, tukabana teminali mpya, tukafunga kwa skrubu isiyoshika kutu na kupaka vaselini juu ili maji yasiingie. Lakini sikutaka kuliamini bodi tena. Tulipitisha waya mweusi wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye taa hadi kwenye chesisi, mahali palipokwanguliwa vilevile. Nauona kuwa ndio ukarabati wenye faida kubwa kuliko wowote kwenye magari haya, na hauhitaji kifaa chochote cha kuagiza Dar es Salaam.

Taa kubwa zilihitaji mita. Hapa wengi hukosea utaratibu: wanachomoa balbu, wanapima kwenye soketi, wanaona volti 12 na kusema umeme upo. Balbu ikiwa imetoka hakuna umeme unaotembea, na penye umeme usiotembea, hata waya uliobaki na unyuzi mmoja utaonyesha volti zote. Kupima ukinzani nako hakusaidii sana, maana kasoro inayofifisha taa inaweza kuwa chini ya robo ya omu, na nyaya za mita ya bei rahisi zina karibu kiasi hicho zenyewe. Acha balbu iwake, kisha pima volti zinazopotea njiani.

Betri, taa zikiwa zimewashwa na injini imezima, ilionyesha volti 12.4. Kwenye miguu ya balbu zilikuwa 10.2. Zimepotea 2.2. Mita ikawekwa kati ya chanya ya betri na mguu wa chanya wa balbu: 0.6. Ikawekwa kati ya mguu wa ethi wa balbu na hasi ya betri: 1.6. Jibu likawa limepatikana bila kufungua kitu. Balbu mbili za wati 60 zinavuta karibu ampia 10, hivyo kasoro ndogo ya ethi moja inayobeba taa zote mbili inakula volti nyingi. Na mwanga hauanguki sawasawa na volti: volti zikipungua kwa asilimia 15, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 40. Ethi ilipotengenezwa kama ile ya nyuma, zile 1.6 zilishuka hadi 0.1.

Upande wa chanya tuliweka relei, ili mzigo wa taa usipite tena kwenye swichi ya zamani. Waya uliokuwa ukienda kwenye taa sasa unaamsha relei tu, na taa zinakula moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi ya ampia 20. Rangi za nyaya zilirahisisha kazi: kahawia ni moto wa betri wakati wote, nyeupe ni swichi, kijani ni swichi baada ya fyuzi, nyekundu ni taa ndogo, bluu ni taa kubwa, nyeusi ni ethi. Kabla ya yote hayo, hasi ya betri ilitolewa kwanza.

Taa ya chaji ilikuwa kazi fupi. Alteneta za Lucas za gari hili huamshwa na umeme mdogo unaopita kwenye balbu hiyo ya dashibodi, ya wati 2.2. Balbu ikiungua, alteneta nzima kabisa inaweza kukaa bila kuchaji injini ikiwa inazunguka polepole. Balbu mpya iliwekwa, ikawaka swichi ilipofunguliwa, ikazima injini ilipochanganya, na betri ikasoma 14.1. Alteneta iliyokuwa inunuliwe haikununuliwa.

Jambo moja la fyuzi linastahili tahadhari. Fyuzi za kioo za Lucas zilizoandikwa 35 hutaja ampia za kuungua. Kwa mzigo wa kudumu ni 17. Fyuzi nyingi za dukani leo huandikwa mzigo wa kudumu. Ukichukua ya 35 ya dukani ukaiweka pale, umeruhusu mara mbili ya kilichokusudiwa, na waya unaweza kuungua kabla ya fyuzi. Kwa mzee tuliweka za 15. Karatasi ya sigara iliyokuwa imezungushiwa mojawapo tuliitupa.

Bado kuna mkanda wa ethi kati ya injini na chesisi. Tulipopiga stata ulipoteza volti 0.7, na nyuzi zake kadhaa zimeshakatika. Ukikatika wote, umeme wa stata utapita kwenye kebo za vidhibiti vya injini na kuzichemsha. Mkanda mpya utafungwa kabla ya mvua za Novemba.