Wariinga na Baba Zake: Chimbuko la Ujasiri katika Shetani Msalabani

Imekuwa desturi katika mitihani yetu ya fasihi kuwauliza wanafunzi ni nani aliyempa Wariinga ujasiri katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Shetani Msalabani. Jibu huja upesi, kama lililokaririwa: ni Muturi, mfanyakazi, kwa kuwa ndiye aliyempa bastola. Kwa miaka kadhaa nililitia alama jibu hilo bila kulihoji, hadi mwanafunzi mmoja wa kike aliposimama darasani akauliza: ikiwa ujasiri hutolewa na mwanamume pamoja na risasi zake, Wariinga mwenyewe ana nini? Siku hiyo sikuwa na la kumwambia. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Msomaji atakumbuka kwamba riwaya hii iliandikwa kwa Kigikuyu katika gereza la Kamiti mwaka 1978, juu ya karatasi za choo, ikachapishwa mwaka 1980, na fasiri ya Kiswahili ya Clement Maganga ikatoka mwaka 1982. Mwandishi aliyekuwa kizuizini anatunga habari za binti ambaye wazazi wake nao waliwekwa kizuizini, wakati wa Hali ya Hatari. Basi jambo la kwanza tunaloambiwa kuhusu baba wa Wariinga ni kwamba hayupo. Hakumtupa mwanawe, alinyang'anywa. Pengo hilo si dogo, kwa maana wote wanaokuja baadaye wanaingia kwa mlango ulioachwa wazi na serikali ya kikoloni.

Wa kwanza kuingia ni mjomba wa Nakuru. Huyu anampa Wariinga malazi na shule, na kwa muda anastahili jina la mlezi. Lakini ulezi wake una daftari la hesabu. Akiitamani fadhila ya wenye fedha, anamkabidhi binti kwa mzee tajiri wa Ngorika kama mtu anayelipa deni kwa mbuzi. Ngũgĩ hamchori kama katili. Hampigi Wariinga wala hamtukani. Hapo ndipo uchungu ulipo. Linganisha na Bwana Maksuudi katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), anayemfungia Maimuna ndani kwa jina la heshima. Maimuna walau anauona ukuta na kuutoroka. Wariinga hana ukuta wa kuuruka, kwani anauzwa kwa tabasamu.

Mzee wa Ngorika naye ni baba kwa umri, kwa mali na kwa namna anavyojitwalia haki ya kuamua. Vijana wa leo wangemwita sponsa. Wariinga, msichana hodari wa hisabati aliyetamani kuwa mhandisi, anaanza kuvutiwa na gari na starehe, na mwandishi ana haki ya kutomficha msomaji udhaifu huo. Kati ya michezo yao umo ule wa mwindaji na windo, unaochezwa kwa bastola, nao wachezaji hubadilishana zamu. Wahakiki aghalabu hupita hapa mbio ili wafike kwenye mimba, kuachwa, na jaribio la binti kujitupa mbele ya gari moshi. Mimi naona kwamba mchezo huu ndio ufunguo wa riwaya nzima. Bastola inaingia katika maisha ya Wariinga kupitia kwa mnyonyaji wake kabla ya kupitia kwa mkombozi wake. Mzee anadhani anacheza. Hajui kwamba anamfunza windo jinsi mwindaji anavyoshika silaha.

Bosi Kihara, anayemfukuza kazi kwa sababu amekataa kuwa kimada wake, ni mzee yuleyule katika suti nyingine, na hatuhitaji kukawia kwake. Lililo muhimu ni kwamba safari hii Wariinga anakataa. Anakataa kabla hajakutana na Muturi, kabla ya matatu ya Mwaura, kabla ya karamu ya wezi kule Ilmorog. Kukataa huko kunamgharimu kazi, nyumba na mpenzi, na kunamwacha Nairobi akitamani tena kufa. Ni ujasiri usio na nadharia wala wenzi, na kwa hiyo hauwezi kusimama peke yake. Lakini ni ujasiri. Jibu la mtihani linaufuta.

Ndipo anapokuja Muturi. Tofauti yake na wazee wale haimo katika upole pekee. Muturi anatoa bila kudai. Anamkabidhi bastola aliyoipata katika vurugu za Ilmorog, anamwambia kwamba ni kama kadi ya mwaliko kwa karamu nyingine, ya wafanyakazi, kisha anaondoka katika maisha yake. Baba mwema katika riwaya hii ni yule anayejua kuondoka. Tena si yeye peke yake aliyemfunza: katika matatu hiyohiyo yumo Wangari, aliyewabebea wapiganaji wa msituni silaha alipokuwa msichana. Ninashangaa jinsi wanafunzi wanavyomsahau mama huyu pindi swali linapotaja ujasiri.

Miaka miwili inapita kati ya karamu na sura za mwisho, na miaka hiyo haina baba yeyote. Wariinga anasomea uhandisi wa mitambo, anajifunza judo, na anakwenda gereji ambako mafundi wanamcheka mpaka anapotambua ugonjwa wa injini iliyowashinda. Kwangu mimi ukurasa wa gereji una uzito kuliko ule wa kumpiga mzee risasi. Hapa hakuna anayempa Wariinga kitu; anakipata kwa mikono yenye grisi, mbele ya wenzake walio sawa naye. Namlaumu mwandishi kwa kuipitia miaka hii upesi mno. Tunaonyeshwa fundi aliyekamilika, ila siku zake za kukosea hatuzioni, na pengo hilo ndilo linalowafanya wasomaji waikimbilie bastola kama maelezo.

Jaribio la hoja hii ni Gatuiria. Yeye ni mwana wa damu wa mzee wa Ngorika. Aliukataa utajiri wa baba yake, akakaa Marekani miaka mingi, akarudi kutunga muziki wa taifa. Ana elimu na ana dhamiri, lakini hakupata kumkabili baba yake uso kwa uso. Mzee anapoanguka, Wariinga anaondoka bila kutazama nyuma, na Gatuiria anabaki amesimama, asijue amfuate nani. Baba ni mmoja, na matokeo ni mawili.

Na kule Ilmorog yupo Wambui, anayelelewa na babu na bibi. Aliyeuawa ni baba yake. Aliyeua ni mama yake. Anayebaki amesimama pale Ngorika ni kaka yake. Riwaya inafungwa bila kutuambia ni nani atakayemweleza mtoto huyu, wala kwa maneno gani.