Wastani wa Nani? Uhakiki wa Lugha ya Utabiri wa Bahari

Utabiri wa hali ya bahari ni matini ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna desturi ya kuihakiki. Tunahakiki riwaya, ushairi na tamthilia, na siku hizi hata matangazo ya biashara na maandishi ya kwenye matatu. Utabiri tunawaachia wanasayansi, kana kwamba maandishi yenye tarakimu hayana lugha. Katika makala haya nautazama utabiri wa bahari unaotolewa kwa Kiswahili, hasa ule wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), kama matini yenye mtunzi, hadhira na uteuzi wa maneno. Swali langu ni moja: msomaji akimaliza kuusoma, anajua afanye nini?

Huenda mtu akauliza mkazi wa Namatala bahari inamhusu nini. Kutoka Mbale hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800 hata kwa mstari ulionyooka, na mto wetu hauelekei huko. Unashuka kutoka Mlima Elgon, unapita kwenye mashamba ya mpunga, na maji yake huelekea Ziwa Kyoga na mto Nile. Lakini mvua yetu ina deni kwa Bahari ya Hindi. Mwishoni mwa 2019 maji ya upande wa magharibi wa bahari hiyo yalikuwa na joto kuliko ya mashariki kwa tofauti ambayo hutokea mara chache. Mvuke mwingi ukasukumwa bara, mvua zikazidi Afrika Mashariki nzima, na Desemba mwaka huo ardhi iliporomoka Bududa. Mei 2020 kipimo cha maji ya Ziwa Viktoria pale Jinja kilisoma mita 13.42, kikaipita rekodi ya mita 13.41 ya 1964. Kwa hiyo lugha inayotumika kuieleza bahari ni lugha inayotuhusu, na maneno yake tunayasikia pia katika utabiri wa mvua.

Neno la kwanza ninalolihakiki ni "wastani". Tahadhari za TMA huonyesha kiwango cha uwezekano wa jambo kutokea na kiwango cha athari zake, na mara nyingi jibu la yote mawili ni "wastani". Mtaalamu anamaanisha ngazi ya kati, iliyo juu ya ndogo na chini ya kubwa. Hadhira haisikii hivyo. Katika matumizi ya kila siku, mtu wa wastani ni mtu wa kawaida na bei ya wastani ni bei inayovumilika. Siku moja nilimsomea jirani yetu, mama anayelima mpunga kando ya mto, tahadhari yenye neno hilo. Akanijibu, "Wastani? Basi ni ya kawaida, mwanangu," akaendelea kuanika mpunga wake. Neno lililokusudiwa kumwamsha lilimtuliza.

Tatizo linaongezeka neno hilohilo linapotumika kwa maana nyingine. Katika utabiri wa msimu, kama ule wa kikanda unaoandaliwa na ICPAC nchini Kenya, mvua za miaka iliyopita hupangwa katika mafungu matatu yaliyo sawa: chini ya wastani, wastani na juu ya wastani. Hapa "wastani" si ngazi ya hatari hata kidogo. Ni fungu la katikati la kumbukumbu za mahali fulani. Mkulima anaposikia "wastani hadi juu ya wastani", anapewa nafasi yake katika orodha ambayo hajawahi kuiona. Ana haki ya kuuliza: wastani wa nani?

Tarakimu nazo zina mtego wao. Mara nyingi husemwa kwamba kutakuwa na mawimbi "yanayofikia" mita 2. Kitenzi "kufikia" kinaweka dari: msomaji anaelewa kwamba hakuna wimbi litakalozidi hapo. Lakini duniani kote, urefu wa mawimbi unaotajwa katika utabiri wa bahari kwa kawaida ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi. Bahari ikiwa na kipimo cha mita 2 kwa hesabu hiyo, wimbi mojamoja linaweza kukaribia mita 4. Ikiwa tarakimu inahesabiwa hivyo, basi kitenzi kilichochaguliwa kinamdanganya mvuvi hata kama hesabu yenyewe ni sahihi.

Jambo la tatu ni la kisarufi. Upepo "unatarajiwa" kuvuma, mvua "zinatarajiwa" kunyesha, athari "zinaweza kujitokeza", shughuli "baadhi" zitaathirika. Kauli ya kutendwa imemficha mtendaji, na pamoja naye amefichwa mtendewa. Hakuna nahodha, hakuna mvuvi, hakuna abiria. Zaidi ya hayo, kitenzi "kutarajia" kwa Kiswahili hubeba tumaini. Tunatarajia wageni, tunatarajia kufaulu mtihani. Dhoruba huhofiwa, haitarajiwi.

Ni haki kumsikiliza mtabiri pia. Atasema hawezi kuahidi asichokijua, na kwamba akipiga mbiu kila siku kisha upepo usije, kesho hatasikilizwa. Hilo ni kweli, kwani mvuvi aliyebaki nyumbani usiku mmoja bure amepoteza chakula cha watoto. TMA pia imefanya jambo la maana kwa kuzipanga ngazi zake kwa majina na rangi: angalizo kwa manjano, tahadhari kwa rangi ya machungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Rangi inaeleweka hata na asiyesoma. Lakini kutokuwa na uhakika kuhusu upepo hakumlazimishi mtu kutumia maneno yasiyo na uhakika kuhusu la kufanya. Methali yetu husema dalili ya mvua ni mawingu. Haisemi kwamba mawingu ni mvua. Hata hivyo, anayeisikia anajua kuanua nguo.

Mfano mzuri upo ndani ya taasisi hiyohiyo. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikaribia Tanzania, lugha ilibadilika. Kimbunga kilikuwa na jina, kikawa kiima cha sentensi: kipo umbali huu kutoka pwani, kinasogea, kinaongezeka nguvu. Wasomaji walifuata safari yake kwa kilomita, na vivuko kati ya Dar es Salaam na Unguja vilisimamishwa. Tarehe 4 Mei kimbunga kilifika Mafia. Kabla ya hapo wazee walikuwa wakitaja kimbunga cha Lindi cha Aprili 1952, na vitabu vya historia kile cha Unguja cha Aprili 1872. Hapa ujuzi wa jadi peke yake usingetosha, maana jambo linalokuja mara moja katika maisha ya mtu halina pa kukaririwa. Sayansi ilihitajika, na siku ile ilizungumza Kiswahili chenye mtendaji.

Lakini wengi hawafi katika vimbunga vyenye majina. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hupoteza maisha kila mwaka katika Ziwa Viktoria, na ziwa hilo halina kimbunga hata kimoja. Usiku, hewa ya nchi kavu hupoa na kuvuma kuelekea ziwani kutoka pande zote. Hukutana juu ya maji yenye joto, hupanda, na kabla ya alfajiri huzaa radi na upepo wa ghafla. Ndio wakati wavuvi wa mukene wa Masese na kwingineko wako majini na taa zao. Mradi wa HIGHWAY, ulioanza 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza, ulilenga kuboresha utabiri wa ziwa hili kwa nchi zote zinazolizunguka. Mitambo na hesabu vinaweza kuboreshwa, lakini sentensi ya mwisho bado itaandikwa na mtu, kwa lugha ya watu.

Sentensi hiyo ingefananaje? Mwaka 1805 Francis Beaufort, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, alipanga nguvu za upepo kwa kuangalia meli inaweza kubeba matanga kiasi gani. Kipimo chake kilianza na kazi ya baharia. Kasi kwa tarakimu iliongezwa baadaye na wengine. Mabaharia wa Waswahili walikuwa na hekima ya aina hiyo ndani ya majina. Kaskazi haikuwa mwelekeo tu: ilikuwa majira ya majahazi kuja kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ilikuwa majira ya kurudi, na inapokolea, ya kuacha safari ndefu. Umande ulikuwa upepo utokao nchi kavu alfajiri. Kila jina lilikuwa na saa yake au msimu wake, na shughuli yake.

Upepo wa kilomita 40 kwa saa, unaotajwa sana katika tahadhari za pwani, ungeweza basi kuandikwa hivi: "Kuanzia usiku wa leo hadi kesho adhuhuri upepo wa kusi utavuma kwa nguvu. Bahari itajaa povu jeupe, na baadhi ya mawimbi yatapita kimo cha mtu mrefu. Mwenye ngalawa asitoke. Abiria wa vivuko waulize kabla ya kwenda bandarini. Upepo ukichelewa, subirini taarifa ya saa sita." Hakuna ukweli wa kisayansi uliopotea humo. Kilichoongezwa ni saa, macho na mtu.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito Namatala na Nabuyonga ilifurika Mbale, na watu zaidi ya 20 walikufa. Sidai kwamba neno moja lingewaokoa. Nadai kwamba tunaofundishwa hadhira, maana na kauli za vitenzi tuna kazi katika matini hizi, sawa na tuliyo nayo katika diwani. Idara za Kiswahili zingeweza kuwapa wanafunzi utabiri wa wiki nzima wauandike upya, kisha wausome ufukweni Masese au kwa wakulima wa mpunga wa Namatala, na kuwauliza wamesikia nini. Mimi ningeanza na yule mama. Nikimsomea tena, nataka aniulize ni saa ngapi.