"Dhehebu Potofu": Istilahi Isiyotenda Haki

Tangu kufukuliwa kwa miili ya zaidi ya watu 400 katika msitu wa Shakahola, nchini Kenya, kuanzia mwaka 2023, maandishi mengi ya Kiswahili hukiita kikundi kilichohusika "dhehebu", na pengine "dhehebu potofu". Istilahi hiyo twaiona kuwa na kasoro mbili.

Kwanza, neno dhehebu lina wenyewe. Waarabu husema madhhab, yaani njia ifuatwayo, na kwao neno hilo ni la umoja; Waswahili tuliichukua ma- kuwa kiambishi cha wingi, tukajipatia umoja wetu. Kwa neno hilo twawatambulisha Washafii, Waibadhi, Walutheri na Waanglikana. Mwalimu atamwelezaje mwanafunzi kwamba dhehebu la wazazi wake na kikundi ambacho wafuasi wake walikufa njaa wakitarajia kumwona Yesu ni vitu vya jina moja?

Pili, na hili ndilo zito, kivumishi potofu huhukumu itikadi, na itikadi ya kila dini huonekana potofu machoni pa jirani. Mwaka 1977 serikali ya Idi Amin nchini Uganda ilipiga marufuku vikundi vingi vya dini, Wabaha'i wakiwamo, ambao hawakuwa wamemdhuru mtu. Nchini humo humo, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea kanisani huko Kanungu; nao walikuwa wakihubiriwa Amri Kumi za Mungu, ambazo hakuna Mkristo azionaye kuwa potofu.

Basi kitenganishacho si kile kinachoaminiwa, bali namna mwumini anavyoshikwa: huuza mali yake, hutengwa na jamaa, hukatazwa hospitali, wala hana ruhusa ya kuhoji au kuondoka. Uchache wa watu nao si kipimo, kwani dini zote kubwa zilianza na wachache.

Twapendekeza kundi funge. Kivumishi hicho si kigeni: wanaisimu wanayo silabi funge, na wanahisabati umbo funge. Atasema mtu kwamba watawa nao hujifungia. Ni kweli, lakini mtawa atakaye kutoka hutoka. Mwingine atahofia kwamba neno litachanganywa na kufunga saumu. Hatujapata kusikia, hata hivyo, kwamba silabi funge imengojea futari.

Katika tafsiri za sheria, ambamo neno moja laweza kumpotezea mtu uhuru wake, hata istilahi hii isiachwe peke yake. Yatajwe matendo yenyewe: kumzuia mtu asiondoke, kumnyima mtoto chakula au matibabu.