Sifuri Isiyo na Alama

Mchoro wa mashine uliotoka mikononi mwa mchoraji hodari hujitambulisha kwenye toleransi, zile tarakimu ndogo zinazofuata kipimo na kumwambia fundi kosa linaruhusiwa hadi wapi. Chukua tundu la milimita 25 ambamo shafti itazunguka. Baada ya 25 kuna namba mbili zilizopandana: juu +0.021, chini 0. Tundu likizidi kwa mikroni 21 bado ni zima. Likipungua chini ya 25, halifai. Shafti yake nayo ni 25, juu −0.007, chini −0.020. Piga hesabu: upenyo kati yao hautapungua mikroni 7 wala kuzidi 41, na humo ndimo mafuta yatakapokaa.

Hesabu hizo zimo tayari kwenye majedwali ya ISO 286, ambako tundu hilo huitwa H7 na shafti g6. Kinachonivutia mimi ni jinsi namba zinavyokalishwa kwenye karatasi.

Itazame ile sifuri. Kwa desturi ya michoro ya milimita, haiwekewi jumlisha wala kutoa, wala haifuatwi na desimali. Sasa kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea, ukiandika +0.021^0 na kuziamuru zipandane, sifuri hukimbilia kushoto ikakaa chini ya alama ya jumlisha. Mchoraji makini huacha nafasi moja tupu mbele yake, nayo ikasogea chini ya sifuri ya juu, tarakimu chini ya tarakimu. Nafasi tupu! Hakuna atakayeiona, lakini jicho la msomaji litashuka moja kwa moja bila kukwama. Akitumia mkwaju (/) badala ya ile kofia (^), programu itachora mstari katikati, na toleransi itasomeka kama sehemu ya hesabu.

Kisha kuna kimo cha maandishi. Kipimo kikiwa na kimo cha milimita 3.5, toleransi hupewa uwiano wa 0.7, ikawa karibu 2.5, vyote viwili ni vimo vya kawaida vya maandishi ya michoro. Ikizidi hapo itashindana na kipimo chenyewe. Ikipungua sana itapotea karatasi ikishatolewa nakala. Mteja wa Marekani anayetumia inchi ana kanuni nyingine: sifuri iliyo kabla ya nukta hufutwa, na ile sifuri ya peke yake sasa huvaa alama na desimali zake zote, +.005 juu na −.000 chini. Mwenye wateja wa pande zote mbili huhifadhi mitindo miwili ndani ya programu, asiichanganye kamwe.

Ustadi mwingine ni kunyamaza. Maneno “ISO 2768-m” kwenye kisanduku cha jina yanatosha kukipa kila kipimo kisicho na toleransi haki yake: ±0.2 kwa kilichozidi milimita 6 hadi 30, ±0.3 kwa kilichozidi 30 hadi 120. Karatasi inabaki nyeupe, na zile toleransi chache zilizoandikwa zinasikika. Mchoro wenye desimali tatu kila mahali unamchosha fundi na kumgharimu mteja, kwa kuwa unadai kunolewa kwa jiwe hata pale ambapo mashine ya kukereza ingetosha.

Lakini kipimo cha juu kabisa cha mchoraji, kwangu, ni kumjua atakayesoma. Tundu likikaguliwa kwa geji, 25 H7 inatosha, maana geji yenyewe imechongwa maandishi hayo. Shafti ikipimwa kwa maikromita, heri kumwandikia fundi mipaka yenyewe, 24.993 juu na 24.980 chini, asijumlishe wala kutoa akiwa amesimama mbele ya mashine inayozunguka. Na mchoraji asipojua kazi itaangukia karakana ipi, huandika g6, kisha ndani ya mabano huweka ile mipaka miwili, yenye desimali sawa, iliyopangwa nukta chini ya nukta.