Fundi Cherehani na Daktari: Kasoro za Neno “Upimaji” katika Taaluma za Majengo

Miongoni mwa kazi zinazoletwa mezani petu ili zipitiwe zimo tafsiri za miongozo ya masomo ya vyuo. Aghalabu kazi hizi hudharauliwa, kwa kuwa hazina utukufu wa sheria wala utamu wa fasihi. Hata hivyo zina uzito wake. Mwongozo wa masomo husomwa na kijana aliyemaliza kidato cha sita pamoja na mzazi atakayelipa ada, na kwa neno moja lililomo humo kijana huyo huamua miaka mitatu au minne ya maisha yake. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuihakiki tafsiri moja ya aina hiyo. Hatutakitaja chuo wala mfasiri, kwani kosa tutakalolieleza si lake peke yake.

Mwongozo huo unaeleza kozi tatu ambazo kwa Kiingereza hushiriki neno moja, lile ambalo watu wetu wa kazi wamelifanya “sevea”. Mfasiri amelipa neno hilo sura moja ya Kiswahili kila lilipotokea: “upimaji wa ardhi”, “upimaji wa kiasi” na “upimaji wa majengo”. Kisha ameeleza kwamba mwenye kuhitimu kozi ya tatu anaweza kuendelea hadi kwenye kazi ya “usimamizi wa ujenzi”. Kwa kutazama juujuu, tafsiri hii ni safi. Neno limelingana na neno, na sarufi haina dosari. Taabu ni kwamba kazi zenyewe hazifanani, na msomaji hana njia ya kulijua hilo.

Kazi ya kwanza inajulikana na wengi. Mpima ardhi huonyesha mipaka ya viwanja, huchora ramani na kuweka alama za mipaka. Kazi ya pili ni ya mtu anayechukua michoro ya jengo ambalo bado halijajengwa, akahesabu mita za ujazo za zege na uzito wa nondo, akakisia gharama, akatayarisha hati za zabuni, na hatimaye akahakiki malipo ya mkandarasi kadiri kazi inavyoendelea. Kazi ya tatu huanza, kwa sehemu kubwa, pale jengo linapokuwa limekwisha simama. Mtaalamu wake hutazama ufa ukutani na kuuliza umetokana na nini; hutafuta unyevu unakopenyea; hukagua kenchi, msingi na nondo zilizoliwa na kutu; kisha humshauri mwenye jengo atengeneze nini, kwa utaratibu gani na kwa gharama gani. Huko Uingereza, ambako taasisi ya kifalme ya wataalamu hawa wa kila aina ilianzishwa London mwaka 1868, kazi hii ni tawi linalojitegemea. Nchini Kenya nako, taasisi ya wataalamu hao iliyoanzishwa mwaka 1969 inalo tawi lake.

Hapa Tanzania kazi ya pili inalo jina rasmi. Mwaka 1997 Bunge lilitunga sheria tatu za usajili: ya wahandisi, ya makandarasi, na ya wabunifu majengo pamoja na wakadiriaji majenzi. Sheria hiyo ya mwisho ilitungwa upya mwaka 2010, na jina likabaki. Kwa hiyo “upimaji wa kiasi” ni kosa lisilo na udhuru. Mfasiri ameunda neno jipya ilhali lililosajiliwa lipo, tena ni zuri. Waliochagua “majenzi” walitambua kwamba mzizi mmoja wa -jenga umetupa majina matatu yenye kazi tatu: ujenzi ni tendo, majengo ni vitu vilivyosimama, na majenzi ni shughuli nzima pamoja na vifaa, watu na fedha zake. Mkadiriaji hakadirii majengo, hukadiria majenzi. Lakini kasoro haikosekani hata hapa. Katika chuo cha Ardhi, kilichokuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, somo hili lilifundishwa kwa miaka mingi kwa jina la uchumi wa majenzi. Kijana aliyetaka kuwa mkadiriaji alilazimika kwanza kuambiwa na mtu kwamba ndiyo kozi yake.

Tuje sasa kwenye kazi ya tatu, ambayo jina lake halimo katika majina ya bodi hizo. Je, “upimaji wa majengo” una ubaya gani? Si kwamba kitenzi kupima ni finyu. Kinyume chake, ni kipana mno. Muuza mchele hupima, na fundi cherehani hupima, na daktari hupima. Fundi cherehani na daktari wote wawili humpima mtu yule yule, lakini mmoja anatafuta upana wa mabega na mwingine anatafuta ugonjwa. Neno la Kiingereza halina taabu hiyo, kwa kuwa limetokana na Kifaransa cha kale kwa maana ya kukitazama kitu chote toka juu; kupima kwa utepe ni maana iliyoongezeka baadaye. Sisi tumeitafsiri maana ya utepe na kuiacha ile ya kutazama. Matokeo yake, anayesoma “upimaji wa majengo” humwona fundi cherehani, ilhali anayehitajika ni daktari.

Wako wanaopendekeza “mkaguzi wa majengo”. Kwa maana tupu, kukagua kunafaa kuliko kupima. Lakini neno halichaguliwi kwa maana yake tu. Huchaguliwa pia kwa kuangalia nani amekwisha likalia. Mkaguzi katika masikio ya watumishi wa umma ni mwenye kukagua hesabu, na katika polisi ni cheo. Mkaguzi wa majengo ataeleweka kuwa ofisa wa halmashauri anayekuja kuona kama kibali kimefuatwa. Huyo ni mtu wa mamlaka, na mwenye nyumba humficha nyufa. Mtaalamu tunayemzungumzia huitwa na mwenye nyumba ili aonyeshwe nyufa hizo. Tofauti hiyo si ndogo.

Sisi tunapendekeza “mpima hali ya majengo”, na kozi iitwe “upimaji wa hali ya majengo”. Twajua kwamba istilahi ndefu hupingwa, na kwa kawaida nasi huwa miongoni mwa wapingaji. Lakini neno hali linafanya kazi ambayo hakuna kiambishi kiwezacho kuifanya. Kila Mswahili huulizwa hali yake kabla ya kuulizwa jambo lolote, na anajua kwamba hali hubadilika: ya jana si ya leo. Jengo nalo ndivyo lilivyo. Isitoshe, istilahi hii inakiacha kitenzi kupima mahali pake, hivyo udugu wa taaluma hii na ile ya ardhi haupotei.

Limebaki neno “usimamizi”. Kusimamia ni kusimama juu ya kazi ya mtu, na katika eneo la ujenzi msimamizi ni yule aliyepo tangu asubuhi akihesabu vibarua na mifuko ya saruji. Ni kazi ya heshima, lakini siyo iliyokusudiwa na mwongozo. Iliyokusudiwa ni ya kupanga muda, fedha, vifaa na watu wa mradi mzima, na kuwajibika vinapopishana. Wenye kazi wamekwisha mwita mtu huyo meneja wa ujenzi. Neno ni la mkopo, nasi hatuoni aibu kulipokea, maadam linatuwezesha kumwachia msimamizi jina lake. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe atasoma miaka minne ili awe “msimamizi” ana haki ya kuuliza kwa nini asianze kazi kesho.

Huenda msomaji akaona tunapigania maneno ilhali kuna mambo makubwa zaidi. Tunaomba akumbuke matukio mawili. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba la Unguja lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja lililokuwa likitumiwa na wafanya biashara huko Kariakoo, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu wengi. Hatudai kwamba istilahi ilibomoa majengo hayo, wala si kazi yetu kutaja sababu. Tunasema tu kwamba yote mawili yalikuwa majengo yaliyokwisha simama. Kwa anayechora tunalo jina, kwa anayekadiria tunalo, kwa anayejenga tunalo. Kwa yule ambaye kazi yake hasa ni kuiuliza nyumba iliyosimama hali yake, tumekuwa tukibahatisha. Kazi isiyo na jina ni vigumu kuiombea fedha katika bajeti, na vigumu zaidi kijana kuitamani.

Kwa hiyo tunawaomba wafasiri wa miongozo ya vyuo waache kulifuata neno la Kiingereza kama kivuli, wamwulize kwanza mwenye taaluma anafanya nini aamkapo asubuhi. Walimu wanaoshauri wanafunzi juu ya kozi tunawaomba waijaribu istilahi tuliyoipendekeza mbele ya darasa, watuarifu kama imeeleweka bila ya maelezo. Na ikiwa yupo fundi, mhandisi au karani wa halmashauri mwenye neno bora linalotumika tayari kazini kwake, na alilete. Letu tutaliondoa bila ya kinyongo.